Kutoka Gereza hadi Kambi: Nadharia za Chanzo cha Uhalifu katika Historia ya Dzaleka, Malawi

Utangulizi

Swali la kwa nini binadamu huvunja sheria ni kongwe kuliko taaluma inayolichunguza. Kila dola iliyojenga gereza ilikuwa imekwisha kulijibu, hata kama haikuliandika jibu lake. Makala haya yanachunguza majibu hayo katika eneo moja: Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza wakati wa utawala wa Hastings Kamuzu Banda. Tangu 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazowaunganisha. Hoja kuu ni kwamba sera inayowahusu wakazi hao imeendelea kuegemea nadharia ya kuzuia kosa kwa hofu ya adhabu, hata pale ambapo chanzo cha kosa kiko kwingine.

Jina na nadharia ya hofu

Jina Dzaleka huhusishwa na kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha. Kwa maelezo yanayosimuliwa sana, ni kauli ya mfungwa aliyekoma: sitarudia tena. Jina hilo ni nadharia nzima katika neno moja. Cesare Beccaria, katika kitabu chake cha 1764, na baada yake Jeremy Bentham, walimwona mkosaji kuwa mtu anayepima faida na hasara. Adhabu ikizidi faida, ataacha. Hata hivyo, watawala wengi waliomfuata Beccaria walichukua nusu ya hoja yake. Yeye alisisitiza kwamba kinachozuia kosa ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake, na kwamba sheria iwe wazi na sawa kwa wote. Gereza la Dzaleka, lililowafunga pia wapinzani wa kisiasa, lilichukua ukali na kuacha uwazi.

Mwili, asili na mtaa

Mwaka 1876 Cesare Lombroso alidai kwamba mhalifu huzaliwa, na kwamba alama za uhalifu huonekana mwilini. Dai hilo lilikosa ushahidi, lakini wazo la uhalifu wa asili lilipata makazi mapya katika makoloni. Nchini Kenya, daktari J. C. Carothers aliandika kuhusu akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 akayaeleza mapambano ya Mau Mau kama tatizo la kisaikolojia. Madai ya ardhi yakageuzwa kuwa dalili za ugonjwa. Frantz Fanon aliyapinga maelezo hayo mwaka 1961.

Jibu la kitaalamu lilikuwa limekwisha kutolewa Marekani. Clifford Shaw na Henry McKay, katika utafiti wao wa 1942, walionyesha kwamba mitaa fulani ya Chicago ilibaki na viwango vya juu vya makosa ya vijana hata wakazi wake walipobadilika kutoka taifa moja la wahamiaji hadi jingine. Waliohama hawakuondoka na uhalifu; ulibaki mtaani. Matokeo hayo ni onyo kwa kila anayesema kwamba Mkongo au Mrundi huja Lilongwe na uhalifu wake. Cha kuchunguzwa kwanza ni hali ya mahali.

Malengo bila njia

Hali ya mahali Dzaleka ina historia ya kisheria. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, ilijiwekea masharti kuhusu vifungu tisa, vikiwemo cha 17 kinachohusu kazi ya ujira na cha 26 kinachohusu uhuru wa kutembea. Kambi iliyokusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000 sasa ina zaidi ya 50,000, na mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa.

Robert Merton alieleza mwaka 1938 kwamba jamii inayowahimiza watu wote kufikia malengo yaleyale, huku ikiwafungia baadhi yao njia halali, huzalisha ukiukaji wa kanuni. Mkimbizi anayefungua duka Lilongwe bila kibali hana lengo lililo tofauti na la jirani yake Mmalawi: kulisha watoto na kulipa karo. Tofauti iko katika njia iliyofungwa.

Sheria inapomzaa mhalifu

Neno uhalifu lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya kwenda kinyume. Umbo lake linadai swali: kinyume na nini? Howard Becker alilijenga swali hilo kuwa nadharia mwaka 1963: mkengeukaji ni yule ambaye jamii imefanikiwa kumbandika jina hilo. Historia ya Malawi ina mifano. Chini ya Banda, Mashahidi wa Yehova, waliopigwa marufuku mwaka 1967, waliteswa na kufungwa kwa kukataa kununua kadi za chama. Baadaye, kosa la uzururaji, lenye mizizi katika sheria ya Uingereza ya 1824, lilitumika kumkamata mchuuzi aliyekuwa njiani kwenda kuuza bidhaa zake Blantyre. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba.

Mwezi Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waishio nje ya kambi warejee Dzaleka kufikia katikati ya Aprili. Mwezi Mei misako ilianza Lilongwe. Mamia walikamatwa, watoto wakiwamo, na baadhi yao wakashikiliwa katika Gereza la Maula. Kosa lao halikuwa na mhasiriwa. Lilikuwa kuwapo mahali.

Kosa lenye mhasiriwa

Hakuna nadharia inayofuta uhalifu halisi. Mwaka 2022 polisi wa Malawi, wakisaidiwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, walifichua biashara haramu ya binadamu ndani ya Dzaleka. Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza mwaka 1979 kwamba kosa hutokea pale mkosaji mwenye nia, windo na ukosefu wa mlinzi vinapokutana. Kambi iliyofurika, yenye watu wasioruhusiwa kuondoka wala kufanya kazi, huwapa wafanyabiashara hao windo tele. Nayo misako huondoa mlinzi, kwa kuwa mhasiriwa anayeogopa kukamatwa hana sababu ya kwenda polisi. Hapo ule uhakika wa adhabu alioudai Beccaria hupotea.

Hitimisho

Watunga sera wanahitaji kutenganisha makosa mawili ambayo takwimu zikiyachanganya hupotosha: kosa la kumdhuru mtu na kosa la kuwapo mahali. La kwanza linastahili uchunguzi na adhabu ya uhakika. La pili hutibiwa kwa kufungua njia, kuanzia vibali vya kazi na vya kutembea. Mlanguzi anaweza kulazimishwa kusema ameacha. Mzazi anayetafuta chakula cha watoto hana cha kuacha.