Waliozijenga Barabara Tulivu za Ufaransa

Wapenzi wa baiskeli wa Afrika Mashariki wanaifahamu Ufaransa kwa Tour de France, hasa tangu mwaka 2013, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipotwaa ushindi wake wa kwanza kati ya minne. Pembeni ya mashindano hayo kuna msafara mwingine usioonyeshwa kwenye televisheni. Ni wastaafu, wanafunzi, wazazi na watoto wao, wamefunga mikoba kwenye keria na wanapita kijiji baada ya kijiji bila haraka, kwenye barabara ambazo gari hupita mara moja moja. Wote wanaufuata utulivu, na wengi hudhani kwamba nchi ile imeumbwa hivyo. Ukiichunguza historia, unakuta kwamba utulivu huo umetokana na jasho la wanakijiji, na baadaye na kuondoka kwao.

Barabara kuu zilikuwa fahari ya wafalme. Idara ya Madaraja na Barabara iliundwa mwaka 1716, na chuo cha kuwafunza wahandisi wake kikafuata mwaka 1747. Njia za kutoka shambani kwenda kanisani au sokoni ziliachwa na matope yake. Mambo yalibadilika kwa sheria ya tarehe 21 Mei 1836. Kila halmashauri ya kijiji ilipewa wajibu wa kutunza njia zake, na pale fedha zilipopungua, kila mwanamume mwenye nguvu alidaiwa hadi siku tatu za kazi kwa mwaka, pamoja na ng'ombe au farasi wake na mkokoteni. Asiyetaka kushika nyundo alilipa pesa. Mawe yakachimbwa, yakapondwa kuwa kokoto, yakatandazwa na kushindiliwa. Mtunza barabara naye alikabidhiwa kipande chake, akawa anazibua mitaro, anafyeka kingo na kuziba mashimo. Kwa vizazi viwili vitatu, wakulima wale wakajaza nchi nzima mtandao wa njia ndogo wenye matundu membamba kama wavu wa dagaa. Katika ramani za barabara za Michelin, zilizoanza kutoka mwaka 1910, njia ndogo kabisa huchorwa kwa rangi nyeupe. Msafiri mzoefu wa baiskeli hupanga siku yake kwa kuziunga hizo nyeupe, akikwepa nyekundu.

Cha kusikitisha ni kwamba njia hizo zilipokamilika, watu walizitumia kuondoka. Mkoa wa Creuse, katikati ya nchi, ulikuwa na watu wapatao 285,000 katikati ya karne ya 19. Leo wamebaki karibu 115,000. Waashi wa huko walikuwa wakienda Paris kila msimu kujenga, na Martin Nadaud, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mbunge, aliondoka kijijini na baba yake mwaka 1830 akiwa na umri wa miaka 14, wakatembea kwa miguu siku kadhaa. Mwanzo waashi hao walirudi nyumbani kila majira ya baridi, kisha wakahamia Paris moja kwa moja. Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Katika karibu kila kijiji utakachopita, kwenye uwanja wa kanisa au mbele ya ofisi ya meya, kuna mnara wenye majina ya waliokufa kati ya 1914 na 1918. Shuka kwenye baiskeli uyasome. Mara nyingi utaona jina moja la ukoo limerudiwa mara tatu, mara nne, katika kijiji ambacho leo hakina hata duka la mikate. Nchi hiyo ilipoteza askari wapatao milioni 1.4, na mashamba mengi hayakupata tena mikono ya kuyalima.

Baiskeli yenyewe ilikuwa imeshafika. Katika miaka ya 1860 karakana ya Pierre Michaux jijini Paris ilikuwa ikiuza vyombo vyenye pedali kwenye gurudumu la mbele, na tarehe 7 Novemba 1869 yakafanyika mashindano ya Paris hadi Rouen, kilomita 123, akashinda Mwingereza James Moore. Tairi la hewa la Dunlop la mwaka 1888, na lile la Michelin la mwaka 1891 ambalo lingeweza kuvuliwa na kuzibwa njiani, ndiyo yaliyoifanya safari ndefu ivumilike. Mwaka 1890 ikaanzishwa Touring-Club de France, chama cha wasafiri wa baiskeli. Kabla ya vita ilikuwa na wanachama zaidi ya 100,000. Iliweka vibao vya kuelekeza njia, na iliwasumbua wenye hoteli za vijijini kuhusu usafi wa vyoo na vyumba mpaka wakasikia. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900 ilionyesha chumba cha mfano cha hoteli, chenye kuta zisizoshika vumbi na samani nyepesi, ili wenye hoteli waje waone na kuiga.

Lakini kama kuna mtu mmoja anayestahili kuitwa baba wa safari hizi, kwangu ni Paul de Vivie. Alizaliwa mwaka 1853 huko Pernes, Provence, akafanya biashara ya hariri katika mji wa Saint-Étienne, mji wa migodi ya makaa, bunduki na riboni ambao baadaye ukawa kitovu cha utengenezaji wa baiskeli. Mwaka 1887 alianzisha gazeti, Le Cycliste, na humo aliandika kwa jina la Vélocio. Nje ya mji wake barabara hupanda hadi Col de la République, mita 1,161 juu ya usawa wa bahari, na mpando huo ndio ulikuwa maabara yake. Baiskeli za wakati ule zilikuwa na mwendo mmoja tu, kwa hiyo mlimani mtu alishuka na kusukuma. Vélocio alijaribu gia za kila aina, akabadili minyororo, akafunga magurudumu mawili ya meno badala ya moja, akaandika kila alichokiona na kuwagawia wasomaji wake bila kuficha.

Wengi walimpinga. Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka 1903, aliamini kwamba gia ni za wazee na kwamba mwanamume hushinda kwa nguvu za misuli. Tour yake haikuruhusu kibadilisha gia hadi mwaka 1937, miaka saba baada ya Vélocio kufariki kwa kugongwa na tramu mjini kwake. Kufikia wakati huo wasafiri wa kawaida walikuwa wamepanda milima kwa gia zao kwa muda mrefu. Mwaka 1902 Touring-Club ilifanya majaribio ya baiskeli za gia katika Col du Tourmalet, mita 2,115, na mwanamke, Marthe Hesse, alikuwa miongoni mwa walioupanda mlima ule. Vélocio hakula nyama, na aliwafundisha wafuasi wake kula na kunywa mapema, kupumzika kabla hawajachoka kupita kiasi, na kutoendesha kwa ajili ya kujionyesha. Nadhani ushauri huo wa mwisho ndio ulioutenga usafiri wa baiskeli na mashindano, na tofauti hiyo ipo hadi leo. Kila mwaka waendesha baiskeli bado hupanda pamoja hadi Col de la République kwa heshima yake.

Bado ilikuwa starehe ya wenye muda. Muda ulipatikana mwaka 1936. Serikali ya Léon Blum, baada ya migomo mikubwa ya mwezi Mei na Juni, ilipitisha sheria iliyowapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo. Léo Lagrange, aliyeshughulikia michezo na burudani, akaleta tiketi ya treni yenye punguzo la asilimia 40. Wafanyakazi wa viwandani walitoka Paris kwa treni na kwa baiskeli, wengine mume na mke kwenye baiskeli moja ya watu wawili. Wengi walikuwa hawajawahi kuiona bahari. Walilala kwenye mahema na kwenye hosteli za vijana, ambazo Marc Sangnier alikuwa ameanza nazo huko Bierville mwaka 1929. Sijui sheria nyingine ya kazi iliyowafungulia watu nchi yao wenyewe kwa namna ile.

Treni nazo zilikuwa na zamu yao ya kupungua. Mpango wa waziri Charles de Freycinet wa mwaka 1879 ulikusudia kuifikisha reli hata kwenye miji midogo, na njia nyingi zilizojengwa hazikuwahi kujilipia. Mabasi na magari yalipoenea, shirika la reli la SNCF, lililoundwa mwaka 1938, lilifunga maelfu ya kilomita. Mwaka 1997, huko Burgundy, kipande cha kilomita 44 cha reli iliyokufa kati ya Givry na Cluny kilifunguliwa kikiwa njia ya baiskeli na miguu, cha kwanza cha aina yake nchini humo. Mwendo wake unafundisha jinsi reli inavyojengwa. Kwa kuwa treni haiwezi mlima mkali, mpando ni wa taratibu mno, na mtoto wa miaka minane anaumudu. Upande mmoja kuna mizabibu, upande mwingine ng'ombe weupe wa Charolais. Majengo ya stesheni bado yamesimama na majukwaa yake.

Njia hiyo inakufikisha Cluny, kwenye abasia ya Wabenedikto iliyoanzishwa mwaka 910. Kanisa lake la tatu, lililoanza kujengwa mwaka 1088, lilikuwa na urefu wa mita 187, kubwa kuliko yote ya Kikristo hadi lilipojengwa upya la Mtakatifu Petro, Roma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa mwaka 1798, na wanunuzi wakalibomoa kwa miaka 25, wakiuza mawe yake. Kilichobaki ni sehemu ndogo tu, mkono wa kusini na mnara wake, na bado shingo inauma kwa kuutazama. Mbele ya Cluny njia inaingia kwenye handaki la Bois Clair, lenye urefu wa mita 1,600 hivi. Wakati wa baridi hufungwa kwa sababu popo hulala humo, na mwendesha baiskeli hulazimika kuupanda mlima.

Mawe ya vijiji vya zamani nayo yangekuwa vifusi kama wenyeji wasingeyapigania. Mwaka 1982 Charles Ceyrac, meya wa Collonges-la-Rouge, kijiji kilichojengwa chote kwa mawe mekundu, alianzisha chama cha vijiji vizuri zaidi vya Ufaransa. Kijiji kinachoomba kuingia kisizidi wakazi 2,000, kiwe na angalau majengo au maeneo mawili yanayolindwa na sheria, na baraza lake lenyewe lipige kura ya kukubali. Lipo lalamiko la haki kwamba baadhi ya vijiji hivyo vimejaa nyumba za likizo ambazo madirisha yake hufunguliwa wiki sita kwa mwaka. Ndiyo maana naona msafiri wa baiskeli anafaa kuliko basi la watalii. Basi husimama dakika 40 na kuondoka. Mwenye baiskeli hawezi kufika mbali, kwa hiyo atakula hapo na kulala hapo, hata mwezi wa Oktoba.

Wenye nyumba za wageni wamelielewa hilo. Kazi ambayo Touring-Club, iliyovunjwa mwaka 1983, iliifanya kwa kuwasumbua watu, sasa inafanywa na kibandiko cha Accueil Vélo, kilichoanzia kwenye njia ya mto Loire na kuenea nchi nzima. Anayetaka kukibandika mlangoni lazima awe ndani ya kilomita tano kutoka njia ya baiskeli, awe na mahali salama pa kuifungia baiskeli usiku, na awe na vifaa vya kuziba pancha.