Proklamasyo: siku ya mwanafunzi, na ya mwalimu pia

Koni, upande wa Likasi, inajulikana kwa santrale yake ya umeme kwenye mto Lufira. Kule, sawa katika Kongo yote, mwaka wa masomo wa shule ya msingi unamalizika na proklamasyo, kwa desturi tarehe 2 Julai.

Wazazi wanakusanyika shuleni, direkta anasoma majina na asilimia, darasa kwa darasa. Wa darasa la sita wanangojea pia matokeo ya mtihani wa taifa, ENAFEP (zamani TENAFEP). Mwenye amefaulu anamwangiwa poda nyeupe kichwani.

Na mwalimu? Siku yake ni 30 Aprili, siku ya taifa ya ualimu. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ni bure katika shule za serikali, kufuatana na fungu la 43 la Katiba. Mzazi halipi tena prime. Ni Serikali njo inapashwa kulipa mwalimu. Lakini wengine, wenye wanaitwa N.U., wanafundisha bila kuwa kwenye listi ya malipo.

Basi siku ya proklamasyo, jina la mwalimu nalo lisomwe mbele ya wazazi. Asilimia zile, yeye pia alizitokea jasho.