Kihisi cha mkao wa throto: matumizi ya istilahi na tafsiri ya hitilafu zake

kihisi cha mkao wa throto *nm* [ki-/vi-] Kifaa cha umeme kilichofungwa ubavuni mwa throto, ambacho huiarifu kompyuta ya gari kilango cha hewa kimefunguka kwa kiasi gani. Gerejini: *sensa ya throto*. Kwenye michoro ya umeme na maboksi ya vipuri: *TPS*.

Throto ni kilango cha duara katika njia ya hewa iingiayo injini. Dereva "hukanyaga mafuta", na msemo huo umezoeleka kiasi kwamba hakuna sababu ya kuupiga vita. Hata hivyo, katika injini ya petroli kanyagio hufungua hewa. Kompyuta ndiyo inayokadiria petroli ya kupulizwa, kwa kutumia vipimo inavyoletewa, kikiwamo cha kihisi hiki. Mfasiri akiandika *vali ya mafuta* kwa maana ya throto, msomaji wake atatafuta kasoro kwenye pampu na nozeli.

Kihisi au sensa? *Sensa* ndilo neno la mafundi, na linaeleweka kila mahali. Tatizo lake ni kwamba tayari lipo *sensa* la kuhesabu watu, nalo pia ni la ngeli ya i-/zi-, hivyo upatanisho wa kisarufi hautofautishi maneno hayo mawili. Katika mazungumzo ya gereji hakuna anayechanganyikiwa. Katika kamusi, mtihani au mwongozo wa mafunzo, *kihisi* (kutokana na *-hisi*) linafaa zaidi, mradi *sensa* litajwe mara moja ili fundi ajue kinachozungumziwa.

Mkao au nafasi? *Nafasi ya throto* hueleweka pia kama uwazi au pengo, na mtu aweza kudhani kuna pengo la kurekebishwa. Kinachopimwa ni pembe ya kilango, yaani jinsi kilivyokaa; *mkao* hulibeba wazo hilo bila utata.

Dalili. Gari lenye kihisi kibovu huweza kusita linapokanyagwa, kuchomoka ghafla, kuzima likisimama, au kubadili gia kwa wakati usiofaa ikiwa gia zake ni za otomatiki. Tena mngurumo wake wa kusimama huweza kupanda na kushuka. Mngurumo huo mafundi wengi, hasa wa Tanzania, huuita *silensa*, neno ambalo kwa wengine ni kifaa cha kupunguza kelele kwenye ekzosi. Sentensi "silensa haitulii" ikiingia katika ripoti bila ufafanuzi, mtu aweza kwenda kukaza bomba. Aidha, *kusita* si *misi*. Misi ni silinda moja au zaidi kushindwa kuchoma mafuta, na injini hutetemeka. Kusita ni injini nzima kuchelewa kuitikia. Anayeandika misi kwa yote mawili humpeleka fundi kwenye plagi na koili.

Dalili hizi peke yake hazithibitishi kitu. Throto iliyojaa masizi, au mpira wa hewa uliopasuka, huleta karibu zote.

Lugha ya misimbo. Hapa ndipo tafsiri hugharimu watu fedha. Mashine ya kupimia huweza kuonyesha msimbo P0122, na mara nyingi maelezo yake hufasiriwa hivi: *Kihisi cha throto ni kibovu.* Hivyo sivyo msimbo unavyosema. Tafsiri sahihi ni: *Volti ya ishara katika saketi ya kihisi cha mkao wa throto iko chini ya kiwango.* Saketi ni kihisi pamoja na waya zake, soketi yake na njia ya kurudi kwenye kompyuta. Waya uliokatika au soketi iliyochomoka huweza kuleta msimbo huohuo, na mwenye gari aliyesoma tafsiri ya kwanza hununua kipuri kipya kisha hubaki na hitilafu ya zamani. Vivyo hivyo, P0123 husema volti iko *juu ya kiwango*. P0121, kwamba ishara *haiwiani* na hali ya injini. P0124, kwamba ishara *inakatikakatika*. Hakuna hata mmoja unaotamka *kibovu*. Neno hilo ni hukumu ya fundi baada ya kupima, wala halipaswi kuwekwa kinywani mwa mashine.

Kupima. Kihisi cha kawaida kina waya tatu: wa kuleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, wa ethi, na wa ishara. Ufunguo ukiwa umewashwa na injini haijawaka, fundi huhakikisha kwanza kwamba volti 5 na ethi vinafika kwenye soketi. Visipofika, kihisi hakina kosa. Vikifika, hupima waya wa ishara: takribani volti 0.5 kilango kikiwa kimefungwa, ikipanda hadi karibu 4.5 kikifunguliwa chote, ingawa kila mtengenezaji ana viwango vyake. Muhimu ni kupanda *taratibu bila kuruka*. Njia ya kaboni ndani ya kihisi huchakaa zaidi pale mguu wa dereva unapokaa muda mwingi, juu kidogo ya mngurumo wa kusimama, na hapo volti huweza kuanguka kufumba na kufumbua. Mita ya mshale huonyesha mruko huo vizuri kuliko mita ya tarakimu iliyo nzito kubadilika. Katika kufasiri maelekezo haya, *polepole* lisiachwe kama pambo la sentensi: kilango kikifunguliwa kwa haraka, mruko hupita bila kuonekana.

Wingi. Throto ya umeme, isiyovutwa kwa kebo, huwa na vihisi viwili vinavyokaguana, na katika baadhi ya magari volti ya kimoja hupanda huku ya kingine ikishuka. Katika maelezo ya magari hayo iandikwe *vihisi vya mkao wa throto*, na kila kipimo kitajwe ni cha kihisi kipi.