Chai nyepesi yenye harufu ya maua na vyakula vya Ramisi

Chai nyeusi iliyo nyepesi, yenye harufu ya maua, hutoka nyanda za juu, ambako baridi huchelewesha ukuaji wa mchai na majani hukusanya manukato mengi. Miongoni mwa manukato hayo ni linaloli, iliyomo pia katika asmini na iliki, na geranioli, ambayo ni ya waridi. Inayojulikana zaidi duniani ni ile ya Darjeeling, India, hasa mchumo wa kwanza wa mwaka. Kenya, ambako mchai ulipandwa kwanza Limuru mwaka 1903, huzalisha zaidi chai ya chembechembe, kali na nyekundu, inayostahimili maziwa. Yenye harufu huwa ya majani yaliyosokotwa, na hiyo ni sehemu ndogo tu ya mavuno.

Ramisi, iliyo pwani ya Kenya kwenye barabara ya Likoni–Lunga Lunga, haina mchai. Ni nchi ya miwa: kiwanda chake cha sukari kilianzishwa mwaka 1927 na kufungwa mwaka 1988. Majani ya chai hutoka bara, na kwa mazoea ya pwani hupikwa kwa maziwa, au huwa chai ya rangi yenye tangawizi na sukari ya kutosha. Mazoea hayo yanaifaa chai ya chembechembe. Chai ya maua huzimwa na maziwa, na kijiko kimoja cha sukari tayari ni kingi.

Kitafunio bora cha chai hiyo ya maua ni kile chenye tui la nazi na utamu mdogo. Mafuta ya tui hufunika ulimi, ukakasi wa chai huyaondoa, na harufu husikika upya katika kila funda. Vitumbua vya mchele hutimiza sharti hilo vizuri kuliko vyote. Mahamri nayo yanafaa, mradi iliki iwe ya kunukia kwa mbali. Ikizidi, kikombe kizima huwa iliki. Mbaazi za nazi hukubalika zikipikwa bila pilipili, jambo ambalo wapishi wengi hawatalikubali. Muhogo wa kuchemsha hauongezi wala haupunguzi kitu, na kwa sababu hiyo humfaa anayetaka kuionja chai yenyewe. Korosho za Kwale zilizokaangwa kavu ni nzuri, ila zisiwe na chumvi nyingi.

Viazi karai vya ukwaju, bajia, achari na samaki wa kukaanga huifanya chai hii ionekane maji matupu. Kashata na halua ni tamu mno. Halua iachiwe kahawa chungu.

Majani hayachemshwi sufuriani. Humiminiwa maji yaliyotoka kuchemka na kutulia kidogo, yakafunikwa kwa dakika 3 hivi, kisha yakachujwa. Maji ya visima vya mwamba wa matumbawe huwa na chokaa, nayo huitia chai weusi na utando juu yake. Maji ya mvua hutoa kikombe angavu zaidi.