Chombo na Imani: Mafunzo ya Ziwa Letu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfunza mwanadamu yale asiyoyajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, tunakuusieni, na tunaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu. Maudhui ya khutba ya leo ni swali wanalotuuliza vijana wetu shuleni na majumbani: mitambo mipya inapozidi kufanya maajabu, imani inabaki na kazi gani? Wako wasemao kwamba mwenye mashine bora ndiye mwenye dini ya kweli. Wako wasemao kwamba mashine imekwisha kuiondoa haja ya dini. Na wako wa tatu, nao ni miongoni mwetu, waiogopao mashine yenyewe wakidhani itawaibia imani yao. Jawabu la wote watatu limo katika tarikh ya Ziwa hili la Viktoria, lipigalo mawimbi katika miamba ya Mwanza.

Uislamu ulifika nchi za Ziwa kwa miguu ya wafanyabiashara waliotoka pwani na kupita Tabora. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim aliingia katika baraza ya Kabaka Suna wa Buganda. Alipoona watu wanauawa kwa amri ya mfalme, alimwambia waziwazi kuwa watu wale wameumbwa na Mungu, na kwamba hata ufalme wake amepewa na Mungu huyo huyo. Wafanyabiashara walileta nguo na bunduki. Lakini lililohifadhiwa katika tarikh ni neno lile la haki.

Baada ya Suna akatawala mwanawe Mutesa. Kuanzia yapata mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa muda wa karibu miaka kumi. Mwaka 1875 Stanley alifika Kageye, si mbali na mji wa Mwanza wa leo, akaunganisha vipande vya mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa mabegani mwa wapagazi tangu pwani. Hapo Kageye alimkuta Songoro, mfanyabiashara Mwislamu, naye anaunda jahazi lake. Mafundi wa pande mbili, ufuo mmoja: maji hayakuuliza dini ya mwenye mashua.

Yapata mwaka 1876 ukaja mtihani. Vijana Waislamu wa jumba la Mutesa walikataa kula nyama yake, na kumkubali kuwa imamu wao, kwa kuwa hakutahiriwa. Kwa ajili hiyo Kabaka akaamuru wauawe, nao wakafa makumi kwa makumi. Vijana wale hawakuwa na jeshi, wala mtambo, wala serikali nyuma yao. Walikuwa na yakini tu.

Mwaka 1878 akafika Buganda Alexander Mackay, mmisionari Mskoti aliyekuwa mhandisi. Alifua chuma, akatengeneza mashua, akachapa vitabu. Hatumtaji kwa kumdharau. Ustadi wake ulikuwa mkubwa na mtu hudhulumika akinyimwa sifa yake. Baadaye akahamia Usambiro, kusini ya Ziwa, na huko akafariki Februari 1890. Lakini Mutesa, aliyeyaona maajabu hayo kwa macho yake, alikufa mwaka 1884 bila kutahiriwa na bila kubatizwa. Bunduki hazikumfanya Mwislamu, wala mashine ya kuchapa haikumfanya Mkristo. Chombo hushuhudia ustadi wa aliyekitengeneza. Hakishuhudii zaidi ya hapo. Anayesema leo kuwa kompyuta imethibitisha kwamba hakuna Mungu anakibebesha chombo ushahidi kisioujua.

Ama wale waogopao, nao wana mafunzo yao. Telegrafu, yaani simu ya waya, ilipoenea, maulamaa walijadiliana: je, habari ya mwezi mwandamo ikija kwa waya ikubaliwe? Sheikh Jamaluddin al-Qasimi wa Damascus alitoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1911, akaeleza kuwa habari hiyo yaweza kufuatwa. Waya hufikisha tu. Linalopasa kupimwa ni ukweli wa shahidi. Kanuni hiyo ilifaa kwa redio, na yafaa kwa simu ya mkononi. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928. Na miaka michache baadaye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitumia mashine ya chapa kutoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932. Mwaka 1969 binadamu aliukanyaga mwezi, na mwaka huo huo ikatoka Nairobi tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Mwezi uliokanyagwa uliendelea kuandama, na Waislamu wakaendelea kufunga kwa kuuona.

Ndugu zangu, msidhani kwamba kutilia shaka ni kazi ya makafiri peke yao. Shahada yetu yaanza kwa kukanusha kabla ya kuthibitisha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofiwa na mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa siku ile, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Yeye aliwakataza, akawafunza kuwa jua na mwezi ni alama za Mungu na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Angalikuwa mwongo, siku hiyo angalinyamaza.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa tunahitaji sana ukanushaji huo. Kuanzia mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino walivamiwa na kuuawa, kwa sababu waganga waliwaambia watafutao mali kuwa viungo vya wanadamu hao vina bahati. Simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuenea wakati huo. Mashine haikuutoa ushirikina moyoni. Kumkanusha mganga huyo ni ibada, na kunyamaza ni dhambi.

Tukumbuke pia tarehe 21 Mei 1996, ilipozama MV Bukoba karibu na kufika Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Makaburi ya Igoma yanashuhudia. Meli ilibeba watu kupita kiasi. Na tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, nacho kikiwa kimejaa kupita kiasi, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Wakafa watu 228. Twaamini kudra, na kudra humliwaza mfiwa. Lakini si pazia la kumficha mzembe. Mtume alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee. Mwenye kuhesabu abiria na kukagua meli anatekeleza sehemu ya tawakkul yake.

Basi, enyi wazazi, mtoto akileta swali aliloliokota katika simu, msimkaripie. Nabii Ibrahim aliomba aonyeshwe namna wafu wanavyohuishwa, ili moyo wake utulie, na Mola wake hakumfukuza. Imamu Ghazali ameeleza mwenyewe kuwa alikaa karibu miezi miwili katika shaka kubwa, kisha Mungu akamrudishia nuru. Swali lililofungiwa nyumbani hutafuta jibu barabarani. Na nyinyi wanafunzi, someni uhandisi, utabibu na hesabu bila hofu. Lakini mkiulizwa mtu ameumbiwa nini, na mnyonge ana haki gani, msiiulize mashine kama kwamba ndiyo mola. Vijana wale wa Buganda walilijua jibu bila mashine yoyote.

Ewe Mola wetu, tupe elimu yenye manufaa na imani isiyotikisika. Wasafirishe salama wavuvi na abiria wa Ziwa letu, warehemu waliozama, na utukinge na ushirikina na uzembe. Amin.