Rangi ya Reynolds Ndani ya Kompyuta

Mwaka 1883, Osborne Reynolds wa Manchester alichapisha jaribio ambalo naliona bado linatuhusu. Alipitisha uzi mwembamba wa rangi katika maji ndani ya bomba la kioo. Maji yakienda polepole, uzi ulinyooka. Mwendo ukizidi, ulivurugika.

Kompyuta zilipoanza kukokotoa mitiririko, mwanasayansi alibaki na tarakimu zisizo na rangi. Programu kama PLOT3D ya NASA zilimchorea mistari. Lakini ninadai kuwa hatua kubwa zaidi ilikuja na VTK, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Schroeder, Martin na Lorensen wa General Electric. Msimbo wake uliachwa wazi na kuambatana na kitabu cha kiada, hivyo mtafiti aliweza kuona jinsi mstari unavyokokotolewa, hata kuurekebisha. ParaView, iliyojengwa juu yake, ni ya bure. Kwa mwanafunzi asiye na fedha za leseni hilo si jambo dogo.

Swali la Reynolds halijaondoka: rangi itiwe wapi? Mistari ikianzishwa mbali na mahali maji yanapojizungusha, mzunguko hauonekani, na picha hupendeza vilevile.