Wageni wa Kilwa

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda kusini, akiisha kuuvuka mto Rufiji kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2003, huwasili Kilwa Masoko baada ya mwendo wa kilomita 300 hivi, na hapo pwani hukuta kwamba safari yake haijaisha, kwa kuwa kile alichokuja kukitazama kiko ng'ambo ya maji, katika kisiwa kionekanacho waziwazi kwa jicho, nacho hakifikiwi ila kwa chombo, kwa idhini ya wasimamizi wa mambo ya kale, na pamoja na mwongozaji ajuaye njia. Wako wageni wanaonung'unikia kungoja huku. Mimi nakuhesabu kuwa ni sehemu ya heshima iliyosalia ya mji ule, maana Kilwa Kisiwani ulikuwa tangu zama za zama mji wa kuingiwa kwa bahari, na mtu aujiaye kwa tanga huuona kama walivyouona waliomtangulia, kuta zikichomoza kidogo kidogo juu ya mikoko.

Waliomtangulia ni wengi, na tarehe ya Kilwa kwa hakika ni tarehe ya wageni wake: nani alikuja, alitaka nini, na mwenyeji alimpa nini. Mapokeo ya mji yanaanza na jambo hilo hilo. Husimuliwa kwamba Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shirazi, alikikuta kisiwa kikimilikiwa na mtu wa bara, akakinunua kwa nguo, kadiri ya nguo ziwezazo kukizunguka kisiwa chote. Mwenye kuisoma habari hii kama hati ya mauzo ataipotezea ladha yake. Lakini ndani yake mna ukweli mmoja ambao mawe yanaushuhudia, nao ni kwamba mji huu ulisimama juu ya biashara na mapatano baina ya mwenyeji na mjaji.

Sababu ya wageni kuja hapa hasa, wala si kwingine, ilikuwa upepo. Jahazi lililotweka tanga Arabuni au Bara Hindi kwa kaskazi liliweza kufika Kilwa na kurejea kwao kwa kusi katika mwaka mmoja. Bali lililojaribu kuendelea mpaka Sofala, huko Msumbiji ya leo, ambako dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilishukia baharini, lilikuwa katika hatari ya kupitwa na msimu. Basi Kilwa ukawa mlango wa Sofala. Dhahabu na pembe zilipanda kutoka kusini, nguo, shanga na vyombo vya kauri vikashuka kutoka kaskazini, na ushuru wa vyote ukaingia katika hazina ya sultani.

Katika mwaka 1331 alifika Ibn Battuta, mwanachuoni wa Tanja, akitokea Mombasa. Aliusifu mji kuwa ni miongoni mwa miji mizuri, tena uliojengwa kwa ustadi. Akawataja watu wake kwa dini na wema. Aliyetawala wakati huo ni al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Hiba, kwa wingi wa utoaji wake. Msafiri huyo anasimulia habari ya fakiri wa Yemen aliyemsimamisha sultani njiani baada ya sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadili mavazi, akampa zile zile. Kisha mwana wa sultani alizitwaa nguo kwa yule fakiri, akamlipa badala yake watumwa kumi. Na sultani, aliposikia jinsi watu walivyoshukuru, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama mfano wa ihsani, na mimi sikatai kwamba mkono wa mtu yule ulikuwa mwepesi. Lakini kila nikifikapo mahali pale hujiuliza habari za wale ishirini. Walikuwa na majina, na wazazi waliowapa majina hayo, nao walihamishwa mkono kwa mkono kati ya sala moja na nyingine kama vile nguo ilivyohamishwa. Ibn Battuta hakuwauliza. Anaeleza tu kwamba al-Hasan alipofariki alirithiwa na Daud nduguye, aliyekuwa kinyume chake kabisa, aliyewaambia waombaji kwamba mwenye kutoa amekwisha kufa.

Fahari ya al-Hasan inaonekana hadi leo katika Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya jabali mashariki ya mji, lenye vyumba zaidi ya 100, ngazi za kushukia pwani, na birika la pembe nane ambalo mtu akisimama ukingoni mwake huyasikia mawimbi chini. Jina husuni ni la Kiarabu, lenye maana ya ngome, lakini aliyejenga pale alikusudia kustarehe na kufanya biashara kuliko kupigana. Wachunguzi walioongozwa na Neville Chittick, ambao walichimba hapa tangu miaka ya mwisho ya 1950 mpaka katikati ya miaka ya 1960, waliona dalili kwamba kasri hilo halikupata kukamilika.

Kuhusu Msikiti Mkuu nitasema zaidi, kwa kuwa ndio unaonishika moyo. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 au iliyofuata; sehemu ya kusini, yenye kuba na matao, iliongezwa katika karne ya 14, ikaporomoka, ikasimamishwa upya katika karne ya 15. Atakaye kujua ilijengwaje na aguse ukuta. Mawe ya kawaida yalichimbwa nchi kavu. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe katika tanuri. Na kwa mihirabu na nakshi mafundi walitwaa matumbawe mabichi kutoka baharini, wakayachonga yangali laini, kabla hewa haijayafanya magumu. Asubuhi mapema jua huingia kwa mshazari baina ya nguzo, na kwa muda mfupi kuba zile huonekana kama zinapumua. Ajaye adhuhuri hukosa jambo hilo.

Sarafu za shaba za masultani hawa zilisafiri mbali kuliko wao wenyewe. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Na nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Kisha wakaja wageni wasioomba. Vasco da Gama mwaka 1502 alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno, na mwezi wa Julai mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, askari wake wakaupora, na ngome ikajengwa pwani. Waliiacha mwaka 1512. Jengo lisimamalo leo mahali pale, liitwalo Gereza, ni la Waomani wa mwanzo wa karne ya 19, likiwa limezibeba ndani yake sehemu za kuta za Wareno. Na neno gereza lenyewe, kama watafiti wa lugha yetu wanavyoeleza, asili yake ni neno la Kireno la kanisa.

Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta 20 kila mmoja, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Hiba ya Abu al-Mawahib ilikuwa ya watu ishirini. Sasa watu wameandikwa kwa maelfu na kwa bei. Katika karne iliyofuata kazi hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, barani, mwisho wa njia ya misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa. Mgeni asiache kwenda Kivinje. Huko nyumba za mawe zenye milango ya nakshi na boma la Wajerumani zimezeeka pamoja katika mtaa mmoja, na huko, mwaka 1895, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga. Mwembe wa mauaji yale watu waliuita Mwembe Kinyonga. Miaka kumi baadaye, vita vya Maji Maji vilianzia katika milima ya Wamatumbi, si mbali na hapo.

Magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatajwa kuwa hatarini, kwa sababu bahari ilikuwa ikiila pwani ya Gereza na mizizi ikipasua kuta. Yalitolewa katika hatari hiyo mwaka 2014, baada ya kuta kushikizwa na pwani kukingwa.

Songo Mnara ni kisiwa kingine, kusini, na mashua haifiki ukingoni. Mgeni huvua viatu akapita kwenye tope la mikokoni. Mji ule wa misikiti mitano na nyumba zipatazo 30 ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Ukiingia nyumba moja hushuka ngazi hadi uani, na ngazi hizo ni pana kupita haja ya miguu, kwani ndizo zilizokuwa baraza: hapo mwenye nyumba aliwakalisha wageni wake, wakatandaziana nguo na kupatana bei, kabla mtu hajakaribishwa ndani. Nimekaa juu ya jiwe mojawapo, limelainika kwa waliokaa kabla yangu, mpaka nahodha alipoita kutoka mikokoni kwamba maji yanakupwa.